Diski Ndogo Iendayo Mbio

Laptop yangu ilianza kugonga katika msimu wa usajili wa wanafunzi, yaani siku zile ambazo hata mimi mwenyewe sijipi ruhusa ya kuumwa. Nina steshenari ndogo Likombe, hapa Mtwara, chumba kimoja chenye meza, mashine ya kutoa kopi, printa na benchi la wateja. Watu huniletea mambo yao niyachape: maombi ya kazi, kadi za harusi, mikataba ya mashamba ya mikorosho, na zile barua ambazo mtu kabla ya kuniambia anataka nini hugeuka kwanza kutazama nyuma. Hizo za mwisho ndizo zinazonilisha. Mwanamke anayetaka kuandikiwa madai ya talaka hatafuti steshenari yenye printa nzuri, anatafuta mtu asiyeropoka.

Sasa fikiria benchi limejaa wazazi na watoto wao, kila mmoja ana haraka, na kwenye kioo kile kiduara kinazunguka tu, kinazunguka, huku ndani ya mashine kitu kinagonga tk, tk, tk. Mzazi mmoja aliniuliza kama mna mjusi humo. Nikamjibu vibaya. Nina hasira za karibu, na mashine ile ilikuwa imezisogeza karibu zaidi.

Nilijua ni diski. Laptop yenyewe niliinunua mkononi kwa mtumishi mmoja aliyehamishwa kikazi, na hata wakati ule haikuwa mpya. Diski yake ilikuwa ya aina ya zamani, yenye kisahani kinachozunguka na kimkono chembamba kinachosoma juu yake. Kile kimkono sasa kilikuwa kinapapasa bila kuona. Kila asubuhi niliwasha mashine nikiwa nimeshika roho, na ikiwaka nilisema alhamdulillahi kwa sauti, wateja wakafikiri nina uchamungu mwingi.

Hofu yangu haikuwa ya mafaili ya wateja tu. Mle ndani mlikuwa na kitu kisicho changu.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni dada yake, mama mkubwa, ambaye mpaka leo anaishi kijijini, njia ya kwenda Msimbati, kwenye nyumba yenye mikorosho mbele na muhogo nyuma. Yeye ni nyakanga. Ndiye mwanamke anayeongoza unyago, anayewafunda wasichana waliovunja ungo na kuwatoa wakiwa watu wazima. Nami nimepita mikononi mwake. Yanayofanyika humo ndani sitayaandika, kwa hiyo anayeyasubiri asipoteze muda wake.

Kazi ya nyakanga ni nyimbo. Kila jambo analofundishwa mwali lina wimbo wake, na wimbo ndio unaobeba fundisho. Mama mkubwa alikuwa nazo zote kichwani, ila kifua kilianza kumbana, akawa anaimba nusu anakaa chini kutafuta pumzi. Binti zake wa kuwazaa wako Dar es Salaam; mmoja anasema mambo hayo ni ushamba, mwingine anasema ni dhambi. Basi akaniita mimi.

"Wewe si una mashine ya kutunzia maneno ya watu?" aliniuliza. "Haya, tunza na yangu. Nikisahau utanikumbusha, na nikifa utampa atakayeshika."

Alinipa sharti moja. Mwanamume asizisikie. Akanikumbusha habari niliyokuwa naijua tangu nikiwa mwali, ya wimbo mmoja ambao nyakanga aliyemfundisha yeye aliuacha, kwa sababu mwanaume alijificha kwenye shamba la muhogo akausikia wote. Toka siku ile haukuimbwa tena. Wimbo wa ndani ukishasikiwa na mwanamume umetoka nje, na kwa manyakanga ukitoka nje haurudi. Hata mama mkubwa hakufundishwa ulivyokuwa. Anachojua ni kwamba uliwahi kuwapo.

Tulirekodi kwa simu yangu, jikoni kwake, mlango umefungwa, kinamama wa jirani wakiitikia na mmoja akipiga ndoo badala ya ngoma. Nikazihamishia kwenye laptop na kuzifuta kwenye simu, kwa maana simu yangu haina mwenyewe. Leo anaichezea mtoto wa wifi, kesho ameiazima mteja. Mtandaoni sikutaka kuziweka kabisa. Sijui ni nani anayefungua huko, ila nina hakika wengi wao ni wanaume.

Halafu nikafanya ujanja wangu. Ile folda niliipa jina "Kaswida". Niliwaza hivi: mwanaume akifungua mashine yangu atatafuta filamu, au muziki, au picha. Akikuta kaswida atasema hizo ninazo, atapita. Nilipomweleza mama mkubwa, alisema Mungu atusamehe, kisha akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. Nilijiona nina akili sana.

Diski ilipoanza kugonga nilijaribu kuzihamishia kwenye flashi. Mashine ikaganda. Nikajaribu tena, ikaganda tena na kugonga kwa nguvu zaidi, nikaacha, nikiogopa kuiua kwa mkono wangu. Nikaifunga kwenye kanga, nikaenda mjini kwa fundi.

Fundi huyu ana kibanda nyuma ya soko, na ni mtu mwema, nalisema hili mapema kwa sababu sitaki mtu amlaumu. Aliitegea sikio mashine, akatikisa kichwa, akatoa vitu viwili na kuviweka mbele yangu kwenye kaunta. Kimoja kilikuwa diski kubwa ya tera moja, ya kuzunguka kama ile yangu. Ilikuwa nzito kidogo mkononi. Cha pili kilikuwa SSD, kidude chepesi, chembamba, hakina kinachozunguka ndani, ila nafasi yake ni nusu ya ile niliyokuwa nayo, na yangu ilikuwa imejaa pomoni.

"Hii kubwa bei yake ni nafuu na itameza kila kitu," alisema. "Ila mwendo wake ni huo huo uliouzoea. Hii ndogo ndiyo yenye mbio. Na kuna njia ya tatu, dada yangu: naweza kutoa hapo unapoingiza sidii, nikaweka kibebeo, ukawa nazo zote mbili. Lakini kibebeo hapa Mtwara hakipo, mpaka niagize Dar, kije na basi."

Nikamuuliza mambo yangu ya zamani yatahamaje.

"Ukichukua kubwa, naziunganisha hizi mbili, nanakili nzima nzima kama ilivyo. Sifungui hata folda moja. Ukichukua ndogo, yote hayaingii, itabidi tuchague, tuhamishe folda kwa folda, na kila moja niijaribu kama imefika salama, maana diski yako imeoza sehemu sehemu."

Alisema hivyo kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtoto. Siwezi kudai sikuelewa.

Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wote hufanya wakitaka kuuza. Akachukua laptop ya mteja mwingine, kuukuu kama yangu, aliyokwisha kuiwekea SSD, akabonyeza kitufe. Kabla hajamaliza kuniambia nitazame, ilikuwa imeshawaka. Akafungua barua, ikafunguka hapo hapo. Akafungua picha, zikamwagika. Mate yalinijaa mdomoni, sina haya kusema. Nikaliona benchi langu, nikawaona wazazi wakiondoka wakitabasamu, nikaiona ile steshenari ya pili iliyofunguliwa karibu na kwangu ikikosa watu.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema: nipe hiyo kubwa. Au: agiza kibebeo, nitasubiri. Kusubiri kungeniudhi tu, kusingeniua. Nimekaa mara nyingi nikaurudia ule uamuzi kichwani, na kila nikiurudia mkono wangu unakwenda kwenye ile nzito. Siku ile ulikwenda kwenye nyepesi.

"Nitakaa na wewe hapa hapa," nilimwambia fundi. "Sitoki mpaka umalize."

"Karibu, kaa."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na fundi alikwisha kuvaa kanzu ili adhana isimkute anahangaika. Benchini kwake walikuwapo wanaume watatu. Mmoja ni mfanyakazi wa bandarini, mtu wa bara kwa lafudhi yake. Mwingine ni mwalimu, naye mgeni, alikuwa na projekta ya shule magotini. Wa tatu alikuwa mzee wa kwetu mwenye kofia ya kudariziwa kwa mkono, ameleta simu iliyoingia maji. Mimi nilikaa kwenye stuli kando ya fundi, nikawa naamuru: hii ihame, hii iache, hii iache, hizi filamu sijui zimetoka wapi, acha. Alikuwa amechomeka spika kubwa ya kujaribia sauti, anafungua faili moja katika kila folda, anasikiliza kidogo, anafunga, anaendelea.

Tulipokaribia kwenye "Kaswida" nikatafuta maneno, nikayakosa. Ningesema hiyo ihamishe lakini usiifungue, angeniuliza kaswida gani hiyo isiyofunguliwa. Ningesema si kaswida, angeuliza ni nini. Ujanja wangu wenyewe ulikuwa umenifunga mdomo. Nikaamua kwamba ikifika zamu yake nitanyoosha mkono, nifungue mwenyewe kwa sekunde moja huku nimezima sauti, niseme sawa, tuendelee. Ilikuwa mipango mizuri.

Simu yangu ikalia. Ni mteja wa kadi za harusi, anafoka kwamba jina la bwana harusi limekosewa. Nami ninayo karatasi aliyoniandikia kwa mkono wake, na jina limekosewa na yeye. Mle ndani feni ya fundi ilikuwa inapiga kelele, sikumsikia vizuri, nikatoka. Nilisimama barabarani nikampa maneno yake yote. Nilimwambia asome alichoandika, nikamwambia hata mkewe mtarajiwa angeujua mwandiko ule. Nilikuwa na haki, na mtu mwenye hasira za karibu akipata haki hana haraka ya kumaliza. Nilikuwa bado naifurahia haki yangu nilipoisikia sauti ya mama mkubwa.

Ilitoka mlangoni kwa ile spika kubwa, safi, ina pumzi kuliko aliyo nayo sasa. Ndoo ilikuwa inagonga nyuma yake, na kinamama wanaitikia.

Sikukimbia mara moja. Sijui kwa nini. Nafikiri nilitaka iwe si kweli. Nilipofika mlangoni wimbo ulikuwa umekwenda mbali. Fundi alikuwa ameinama kwa adabu, uso umetulia kama mtu anayesikiliza maneno ya dini. Mtu wa bandarini alikuwa anatikisa goti kufuata ndoo. Mwalimu alikuwa anauliza, "Hii ni kaswida ya wapi? Mbona lugha siielewi?" na fundi, ambaye naye si mtu wa kwetu, akamjibu kwamba huku vijijini wanazo za kwao.

Yule mzee mwenye kofia alikuwa amesimama. Simu yake aliiacha kwenye kaunta. Alinipita mlangoni ameinamisha uso, hakunigusa, hakunitazama, akaenda akavuka barabara.

Nilichomoa waya wa spika kwa nguvu hata kaunta ikatikisika.

"Hiyo ni mbovu," nikasema.

"Mbona inaimba vizuri?"

"Nimesema ni mbovu!"

Fundi alishika kifua. "Samahani, dada yangu. Nilipoona jina nikasema leo Ijumaa, tujaribu na kitu chenye baraka."

Angekuwa amefanya kwa ufedhuli ningemfokea nikapona. Alikuwa ameomba radhi kwa jambo jema. Nilikaa kwenye stuli nikatazama miguu yangu, na mtu wa bandarini alikuwa sasa anapiga mluzi mdogo kwa meno, mahadhi yale yale, pasipo kujua.

Nilitoka kumfuata yule mzee. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha duka la vitenge, ananisubiri niondoke ili arudi kuchukua simu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama upande wa soko. "Mimi masikio yangu mabovu siku hizi. Sisikii kitu."

Akarudi ndani kwa fundi. Nilibaki pale nikijua kwamba mtu ambaye hakusikia kitu asingekuwa na haja ya kuniambia hivyo.

Diski ya zamani ilikata roho siku hiyo hiyo. Folda zilikuwa zimeshahama zote nilizozichagua, fundi akajaribu kuirudia kuchukua picha chache nilizozikumbuka mwishoni, ikagonga mara kadhaa, ikanyamaza, na haikusoma tena. Alinikabidhi kwenye mfuko wa plastiki. Nyimbo zote zikawa kwenye ile ndogo peke yake, na ule mmoja ukiwa miongoni mwao.

Mashine ilikwenda mbio, naam. Benchi langu lilikuwa linajaa na kumalizika kabla ya adhuhuri. Mzazi aliyeniuliza habari za mjusi alirudi akanisifu. Nilifurahi, na nilipofurahi nilijichukia, na nilipojichukia niliwakaripia wateja, wakasema mwenye steshenari ana matatizo nyumbani.

Likizo ilipokaribia, mama mkubwa alinipigia kwa simu ya jirani. Wali wapya walikuwa karibu kuingia unyagoni, alitaka niende na mashine tupitie nyimbo pamoja kabla kazi haijaanza. Nilikwenda Jumamosi kwa bodaboda, laptop nimeikumbatia kifuani. Njia nzima nilijiambia kwamba huenda hayo ni mambo ya zamani tu. Wanaume wawili wageni wasiojua lugha, fundi asiyejua anachosikia, na mzee mmoja aliyeamua kutosikia. Nikinyamaza, nani atajua? Wasichana watatolewa kwa wimbo ambao mtu wa bandarini anaupigia mluzi akibeba magunia ya korosho, na maisha yataendelea. Nilikaribia kujikubalia.

Alikuwa amenichemshia ming'oko, vile viazi vya porini, kwa sababu anajua mjini naila ya kununua kwa wachuuzi na huwa naisema vibaya. Alikuwa amepungua, mkufu wa shingoni unamcheza. Tulikaa jikoni, akafunga mlango mwenyewe, akasogeza kigoda karibu na mashine.

"Haya, mwanangu. Anza na ule wa kutolea wali. Ule ndio unaonipiga chenga pale katikati."

Ulikuwa ni huo huo.

Nadhani ungekuwa wimbo mwingine ningenyamaza. Nasema ukweli wangu. Lakini ule ndio wimbo wa mwisho, unaoimbwa wali wakiwa wamesimama nyuma ya mlango kabla haujafunguliwa, na mimi niliimbiwa nikiwa nimesimama hapo, mkono wake ukiwa kichwani kwangu. Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nilianzia kwa mteja wa kadi za harusi kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa, nikarudi nyuma kwenye zile diski mbili, nikafika kwenye spika.

"Wimbo ulifika mpaka wapi?" aliuliza nilipomaliza.

"Mbali, mama."

"Ulifika pale?"

Kuna mahali katika wimbo ule ambapo likitajwa neno fulani, wimbo umeshasema ulichotaka kusema. Kabla ya hapo pengine ungeokolewa.

"Ulishapita pale, mama."

Nje kuku walikuwa wanagombana kwenye maganda ya muhogo. Nilitamani anitukane. Ana matusi mazuri mama mkubwa, akiamua, ya Kimakonde, ya kumtoa nyoka pangoni. Hakunitukana.

"Futa," alisema.

"Mama, labda tuubakize tu, usiimbwe, uwe wa kumbukumbu..."

"Ntu akifa unambakiza ndani?"

Nikaweka kidole. Nilibonyeza, mashine ikaniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Ukaondoka. Nilikuwa sijanyanyua kidole.

"Tayari?"

"Tayari."

Aliitazama mashine. "Mbona haikuchukua muda?"

"Hii mpya ndivyo ilivyo, mama. Inakwenda haraka."

"Basi vizuri," alisema, akavuta sahani ya ming'oko, akanimenyea mmoja. "Kula. Halafu weka unaofuata."

Wali waliingia, siku zao zikapita, na siku ya kutoka nilikuwapo. Nitasema tu yale ambayo hata aliye nje ya ua angeyaona. Kulikuwa na mikeka, kulikuwa na mama za wasichana wamevaa sare ya kitenge, na mama mkubwa amekaa katikati na kigoda chake, anaongoza. Aliongoza vizuri. Pumzi ilipomkata kinamama walimpokea, akapumzika, akaendelea. Nilikuwa nyuma yake nimeshika ndoo ya maji. Walipofika kwenye kutoa wali, wote wakanyamaza, wakisubiri aanzishe.

Hakuanzisha.

Nyuma ya mlango wasichana walikuwa wamesimama, nilisikia shanga zikigongana. Kinamama wakaanza kutazamana.

"Mama, wa kutolea," mmoja alimnong'oneza.

"Umenitoka," alisema mama mkubwa kwa sauti iliyosikika na wote. "Uzee huu. Umenitoka kabisa."

Nyakanga kusahau wimbo wa kutolea wali! Ni kama imamu asahau alhamdu. Niliona nyuso zao zikibadilika. Wengine walihuzunika, na mmoja, mwanamke wa umri wangu, alibana midomo kuzuia kicheko. Halafu yule aliyepiga ndoo siku ya kurekodi akanigeukia.

"Si unao wewe kwenye mashine? Nkumbushe mama yako. Japo neno la kwanza."

Macho yote yakanijia. Wengi wao nawajua, nimewaandikia barua zao, najua nani anamdai mumewe nini na nani ameuza shamba bila kusema. Hapo ndipo nilipopaswa kuweka ndoo chini na kusema mama hajasahau kitu, ameuacha kwa makusudi, mimi ndiye niliyeutoa nje. Mama mkubwa hakugeuka. Niliuona mgongo wake tu.

"Huo haumo," nikasema.

Akaanzisha wimbo mwingine, wakaitikia, mlango ukafunguliwa, wasichana wakatoka wamependeza. Vigelegele vikapigwa kama kawaida.

Jioni walikuja kinamama watatu kumwambia kwa heshima zote kwamba sasa mama apumzike, kazi ameifanya, kifua nacho hakiko sawa, likizo ijayo watamwita nyakanga wa upande wa Ruvuma. Aliwashukuru. Akawaombea dua. Nilimbebea kigoda kurudi nyumbani, yeye ameniegemea begani, na tulipofika kwenye mikorosho yake nikasimama.

"Mama, narudi kuwaambia."

"Uwaambie nini?"

"Kwamba hujasahau. Kwamba ni mimi."

Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nyamaza, ntoto wee. Mimi kazi yangu imekwisha, nikisahau au nisisahau. Wewe ndiyo kwanza unakula kwa siri za watu. Wakijua kwamba siri iliyokaa kwako ilitoka, nani atakuletea tena karatasi yake?"

Nikanyamaza. Jumatatu nilifungua duka mapema, na benchi likajaa.